Mwanamitindo amegoma jukwaani: kutatua matatizo ya gemu la mitindo kwenye simu

Gemu lenyewe unalijua hata kama jina lake limekutoka. Msichana anatembea mwenyewe kwenye jukwaa refu. Kazi yako ni kumvuta kwa kidole kushoto na kulia ili aokote gauni, viatu na pochi zinazoendana na mada ya leveli ile na akwepe vya kumharibia. Mwisho anasimama mbele ya majaji na mpinzani wake, wanapewa alama. Hapa Mtwara linachezwa saluni wakati wa kusukwa, linachezwa kwenye basi la Masasi, na zaidi ya wote linachezwa na watoto waliotoka shule, kwa simu ya mama. Mimi natengeneza simu, na magemu haya yanaletwa mezani kwangu mara nyingi na maneno yaleyale: "Fundi, hili gemu ni bovu." Mara nyingi gemu ni zima. Kilichoharibika kiko kwenye simu, kwenye chaja au kwenye mtandao, na mtu anaweza kukiona mwenyewe nyumbani akijua pa kuangalia.

Kabla ya yote, usilifute

Ushauri wa kwanza anaopewa kila mtu ni "futa, pakua upya". Uache kabisa mpaka umemaliza mengine yote. Magemu mengi ya aina hii hayana akaunti, hayakuulizi jina wala namba. Leveli ulizofika, pesa ulizokusanya na nguo ulizofungua vinakaa ndani ya simu, kwenye sehemu ya gemu lile peke yake. Ukilifuta, vyote vinaondoka nalo. Nimeona mtoto akilia kwa sababu mjomba alitaka kumsaidia, na machozi yale hayana dawa dukani kwangu.

Android ina utaratibu wa kunakili data za programu kwenda akaunti ya Google tangu toleo la 6, hadi MB 25 kwa kila programu. Lakini mtengenezaji wa gemu anaweza kuwa ameuzima, na kwa kawaida simu inataka iwe kwenye Wi-Fi, kwenye chaji, na haishikwi na mtu. Nyumba nyingi huku kwetu hazina Wi-Fi, tunaishi kwa bando. Kwa hiyo chukulia kwamba nakala haipo.

Ukiingia kwenye Mipangilio, ukafungua Programu na kuligusa gemu, sehemu ya hifadhi ina vitufe viwili vinavyochanganya watu. Cha kufuta akiba hakina madhara, kinaondoa mabaki ya muda tu. Cha kufuta data kinaurudisha mchezo mwanzo sawasawa na kuufuta. Soma mara mbili kabla ya kugusa.

Halafu jiulize maswali matatu. Je, programu nyingine zinafanya vilevile? Je, tatizo lipo hata data ikizimwa? Je, lipo hata simu ikichomolewa kwenye chaji? Ukiwa na majibu hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Halisakiniki, au linafunguka na kujitoa hapohapo

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni Xender, ile programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu. Mtu amekuja mjini kutoka Tandahimba, dada yake anamrushia gemu ili aokoe bando. Inaeleweka kabisa, na zamani ilifanya kazi, maana gemu lilikuwa faili moja la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android. Tangu Agosti 2021 Google inataka programu mpya zipelekwe Play Store kwa mtindo wa kifurushi kinachoitwa AAB. Play Store ndiyo inayokata vipande kulingana na kila simu: cha prosesa yake, cha ukubwa wa kioo chake, cha lugha yake. Kikirushwa kipande cha msingi peke yake, simu inayopokea inakataa kusakinisha, au inasakinisha na gemu linajitoa mara nembo inapotokea. Hata vikirushwa vyote, vilivyokatwa kwa ajili ya simu ya biti 64 havitakubali kwenye simu ndogo ya biti 32.

Lipakue Play Store. Kama bando ni dogo, subiri mahali penye Wi-Fi. Kukiwa na lililorushwa kwa Xender na halijawahi kufunguka hata mara moja, hilo unaweza kulifuta bila hofu, halina cha kupoteza.

Sababu ya pili ni nafasi. Play Store ikikuambia gemu lina MB 150, simu inahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa faili linashuka kwanza ndipo lifunguliwe. Mimi napenda simu ibaki na angalau GB 1 tupu. Usianze kufuta picha za familia. Ingia WhatsApp, kwenye mipangilio yake ya hifadhi na data, fungua pa kudhibiti hifadhi. Video za harusi zilizotumwa kwenye magrupu matatu tofauti, magoli ya Namungo na ya wengine, vyote vimepangwa kuanzia kikubwa. Dakika tano zinatosha.

Kama Play Store inasema kifaa hakiendani na programu, hiyo ni simu ya zamani na gemu la sasa. Usitafute APK kwenye tovuti za ajabu. Zipo zinazokuja na programu za kukuletea matangazo mpaka kwenye kioo cha mwanzo.

Iko nyingine inayosahaulika. Android ina kipande kinachoitwa WebView, ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa na matangazo ndani yake. Machi 2021 toleo lake lenye kasoro lilifanya programu nyingi duniani zijitoe zenyewe mpaka Google ilipotoa lililorekebishwa. Kwa hiyo gemu likianza kujitoa ghafla pamoja na programu nyingine ambazo jana zilikuwa salama, sasisha Android System WebView na Chrome kwenye Play Store, kisha zima simu na uiwashe.

Kidole kinaenda kulia, msichana haendi

Hapa ndipo watu wanapolilaumu gemu bila kosa. Anza kwa kuchomoa chaja. Chaja isiyochuja umeme vizuri inapeleka kelele kwenye kioo, na kioo kinasoma kelele ile kama vidole. Msichana anarukaruka upande huu na ule, anapita katikati ya nguo zote. Ukichomoa na akatulia, umepata jibu: badilisha chaja. Vichaji vya sola visivyo na kirekebishi kizuri navyo hufanya hivyo, na vijijini vipo vingi.

Kama tatizo linabaki, kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakidanganyi. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba, simu itakufungulia chaguo za wasanidi programu. Ndani yake washa kile kinachoonyesha mahali pa kiashiria. Kuanzia hapo kila unapopitisha kidole, simu inachora mstari mwembamba. Chora polepole kutoka ukingo hadi ukingo, juu, katikati na chini, kisha wima. Mstari ukikatika kila mara mahali palepale, tachi imekufa sehemu ile, na msichana ataganda kila kidole kikipita hapo. Mstari ukijichora wenyewe wakati hujagusa, kioo kinajigusa. Mstari ukiwa mzima tangu mwanzo hadi mwisho lakini ndani ya gemu msichana anachelewa, tachi haina kosa, simu ndiyo imezidiwa. Ukimaliza, zima kipimo, na vingine vilivyomo humo usiviguse.

Mstari ukikatika, usikimbilie kubadili kioo. Toa protekta kwanza. Iliyopanda mapovu, au iliyonasa mchanga wa Shangani kwenye kingo, inatosha kuharibu kila kitu. Halafu safisha. Simu ya saluni ina mafuta ya nywele, na simu ya mchana wa Desemba ina jasho. Tumia upindo wa kanga kuukuu iliyofuliwa sana, kavu, futa kioo na vidole vyako pia. Kipimo kikikataa hata baada ya hapo, ndipo tunazungumzia kioo. Na kama kioo kilikwishabadilishwa huko nyuma, vipo vya bei ndogo ambavyo kupiga simu vinaweza ila kidole cha haraka havikifuati. Mwambie fundi wazi kwamba simu inachezewa magemu, ajue akuletee kipi.

Iko dalili nyingine inayofanana na hii: unamvuta msichana hadi ukingoni na gemu linafungwa, au kinatokea kidirisha pembeni. Huo ni utaratibu wa simu wa kupitisha kidole ukingoni ili kurudi nyuma. Kwenye mipangilio ya usogezaji, rudisha vitufe vitatu vya chini. Kwenye Tecno na Infinix zima pia paneli ya pembeni, na ile ishara ya vidole vitatu ya kupiga picha ya skrini, kwa kuwa mtoto anashika simu kwa mikono miwili na vidole vyake vinatambaa kwenye kioo.

Matangazo, bando na zawadi isiyokuja

Gemu ni la bure na mwenye gemu analipwa na matangazo. Tangazo baada ya leveli ni sehemu ya mpango wake, halina dawa ya kurekebisha. Ila yapo ya kurekebisha.

Bando linaisha haraka kwa sababu matangazo mengi ni video. Kutembea kwa msichana kwenyewe kwa kawaida hakuhitaji mtandao. Unaweza kulinyima gemu data peke yake huku WhatsApp ikiendelea: simu nyingi zina sehemu ya kuchagua programu ipi itumie data na ipi isitumie. Ubaya wake, kile kitufe cha kutazama video ili upate pesa mara mbili kitakufa, maana hakuna video ya kuleta. Lazima uchague kimoja. Kwa mtoto mdogo mimi nashauri kunyima data. Anacheza kwa utulivu, na hakuna tangazo linalomvuta agonge kitufe cha kupakua asichokijua.

Kitufe hicho kikiwa kimekufa ilhali data ipo, angalia tarehe. Simu iliyoisha chaji kabisa, ikakaa siku nyingi, au iliyotolewa betri, inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Miunganisho salama ya intaneti inakagua tarehe, ikiona haifanani inakataa. Washa saa ya kujirekebisha yenyewe kwa mtandao. Kisha angalia mipangilio ya DNS ya faragha, yaani huduma ambayo simu inaiuliza anwani za tovuti. Kama kuna mtu aliweka ya kuzuia matangazo, na video za zawadi amezizuia humo humo.

Umetazama video na zawadi haikuja? Alama ya kufunga inaweza kuonekana kabla video haijaisha, na ukiigonga mapema unaonywa kwa maandishi ya Kiingereza ambayo wengi wanayapita. Subiri mpaka ionyeshe umeshapewa. Kioo kikibaki cheusi baada ya tangazo, gusa kitufe cha nyuma mara moja na usubiri kidogo. Kikikataa, nenda skrini ya mwanzo, rudi kwenye gemu. Lilazimishe kusimama pale tu hayo yote yameshindikana.

Zipo siku ambazo kosa haliko kwako wala kwa mtandao wa mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo unaweza kufuta akiba mpaka vidole viume. Uliza jirani mwenye laini nyingine. Kama na yeye anazunguka tu, weka simu chini.

Matangazo yakitokea hata gemu likiwa limefungwa, juu ya WhatsApp au unapofungua simu, shaka yangu ya kwanza ni programu nyingine, mara nyingi ya tochi, ya kusafisha simu au ya mandhari ya kioo. Linapotokea, gusa kitufe cha programu za karibuni na uangalie nembo na jina la kilicholileta. Hicho ndicho cha kufuta. Na tangazo lolote linalosema umeshinda na kuomba namba ya simu, au namba ya siri ya pesa za mtandao, lifunge. Mfundishe na mtoto.

Leveli zimerudi mwanzo

Uliza nani alishika simu. Programu nyingine za kusafisha simu zinaweza kufuta zaidi ya uchafu, na mtu aliyetafuta nafasi anaweza kuwa amegusa kile kitufe cha kufuta data. Kabla hujakata tamaa, angalia kama gemu lina nembo mbili. Simu kadhaa zina uwezo wa kuzalisha pacha wa programu, na pacha ana hifadhi yake. Huenda mtoto amefungua pacha na leveli zake zimekaa salama kwa mwenzake. Angalia pia kama simu iko kwenye wasifu wa mgeni.

Kama zinarudi nyuma hatua chache kila siku, ama hifadhi imejaa na gemu halina pa kuandikia, ama linafungwa kwa kufagiliwa mara tu leveli inapoisha, kabla halijaandika. Mzoeze mchezaji aguse kitufe cha nyumbani kwanza, apumue, ndipo afagie.

Hakuna sauti: ongeza sauti ya midia, si ya mlio. Ikikataa, zima Bluetooth, huenda simu inaimbia spika iliyoko chumba cha pili.

Majaji wanampa mwanangu alama ndogo kila siku

Hili si la ufundi lakini linaletwa, na ninalichukulia kwa uzito kwa sababu mtoto anadhani hana akili. Gemu halioni uzuri. Ndani ya programu kila nguo imepewa mada yake, na majaji wanahesabu ngapi zimelingana na mada ya leveli. Gauni la dhahabu linalompendeza kila mtu nyumbani halina thamani kama leveli ilitaka nguo za ufukweni. Na mada inaandikwa mwanzoni, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa sekunde chache. Mtoto wa darasa la pili anayesoma Kiswahili vizuri kabisa haioni, anakimbia kuokota kinachong'aa.

Msichana huwa haanzi kutembea mpaka kioo kiguswe. Kwa hiyo asiguse. Asome, au amuulize mama, shangazi au dada aliye karibu, kisha aangalie picha ya mada, ndipo aanze. Mahali penye milango miwili atazame michoro yote miwili kabla ya kuamua. Akiokota kisicho chake, kwenye leveli nyingi kinabadilika akiokota kingine cha aina ileile mbele, kwa hiyo asikate tamaa njiani. Yale magemu ambamo visigino vinarefuka yana hesabu tofauti: kila ukuta unakula visigino, lazima awe navyo vya kutosha kuuvuka.

Linakwamakwama na simu inachemka

Kuanzia Novemba hadi Machi, Mtwara mjini na Lindi mjini joto na unyevu wa bahari vinakwenda pamoja, na simu inaumia. Ikipata joto sana inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Msichana anaanza vizuri, leveli ya tatu au ya nne anakwamakwama. Jamaa zetu wa Newala, kule juu kwenye uwanda wenye ubaridi, wana simu zilezile na hawalalamiki sana. Toa kava, punguza mwanga wa kioo, ondoka juani, usicheze ikiwa kwenye chaji. Usiiweke kwenye friji hata kidogo, ikitoka humo unyevu unageuka matone ya maji ndani na kutu inaanza.

Ikikwama tangu sekunde ya kwanza, ingali ya baridi, hiyo ni RAM, kumbukumbu ambayo programu zilizofunguka zinagawana. Simu ya GB 1 au 2 yenye Facebook, TikTok na WhatsApp zimefunguka nyuma haina pumzi ya kumtembeza msichana. Zifunge, zima na kuwasha simu, zima pia hali ya kuokoa chaji, maana nayo inapunguza kasi ya prosesa.

Msimu wa korosho ukianza kulipa, simu mpya zinanunuliwa na za zamani zinarithishwa kwa watoto, na hizo za zamani ndizo zenye betri zilizochoka. Ilaze simu kifudifudi mezani. Ikiyumba, au mfuniko wa nyuma umeinuka, au kioo kimeachana kidogo na fremu, betri imevimba. Tachi nayo huanza kuruka kwa sababu betri inakisukuma kioo kutoka chini. Hapo hakuna cha kufuta wala kusasisha. Mnyang'anye mtoto simu kwa upole, izime, usiichaji tena hata kwa dakika moja, usiibonyeze irudi ndani, usiitoboe. Iweke sakafuni mbali na godoro na mapazia, na asubuhi ipeleke kwa fundi, ukimwambia mlangoni kwamba betri imevimba kabla hajaifungua.